Nani Atabeba Isale? Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Sanaa na Teknolojia

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya sanaa na ya teknolojia ya habari; kwa viongozi wa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania na wa Baraza la Sanaa la Taifa; na kwa wakurugenzi wa redio zote zinazosikika Kilimanjaro na Arusha.

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni mtunzi wa michezo ya redio. Naishi Moshi, Soweto, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 19. Nimeandika juu ya mirathi, chanjo, ndoa za utotoni, mbolea na mikopo ya vikoba. Huenda mmeisikia michezo yangu bila kujua ni yangu, maana redioni jina la mtunzi husomwa harakaharaka mwishoni, muziki ukiwa umeshaanza kupanda. Hilo halijawahi kuniuma. Leo nawaandikia hadharani kwa sababu ya jani moja na sauti moja, na ya akili mnemba, yaani programu za kompyuta zinazotunga maandishi na kuiga sauti za watu.

Nianze na jani.

Mwaka jana nilipewa kazi ya kuandika vipindi 13 vya mchezo kuhusu ugomvi wa vihamba. Kwa asiye wa huku, kihamba ni shamba la ukoo kule mlimani, lenye migomba, kahawa, nyumba na makaburi ya waliotangulia, na mpaka wake huwa ni mstari wa masale. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani. Mgeni anaweza kuupita akadhani ni ua la kupendezesha uwanja. Kwa Mchagga isale ni mpaka, ni alama ya kaburi, na ni msamaha. Aliyemkosea mwenzake akipeleka isale, mwenyewe au kwa mkono wa mtu mwingine, amekiri kosa na anaomba amani. Aliyepelekewa hawezi kulichukulia kama jani tu. Nimeona kwa macho yangu ndugu wawili waliokuwa hawajasalimiana miaka 8 wakikaa benchi moja kwa sababu isale liliingia nyumbani.

Kwa vipindi hivyo 13 nilipewa wiki mbili, na malipo nusu ya yale ya zamani. Aliyenipa kazi alinieleza waziwazi kwamba siku hizi akili mnemba ndiyo inayoandika, mimi nitakuwa narekebisha tu. Nilikubali, nina watoto wawili sekondari. Nikaieleza programu ninachotaka, ikaandika, nikarekebisha. Vipindi 6 vya mwanzo nilivisoma neno kwa neno. Cha 7 nilikifikia saa nane usiku, macho yamejaa mchanga, nikakipitisha.

Katika kipindi hicho, mdogo mtu aliyesogeza mpaka usiku anakwenda kwa kaka yake kuomba radhi. Siku ya kurekodi, mama mmoja wa miaka 71, anayeigiza bibi wa ule ukoo, alifika kwenye mstari wake akanyamaza. Wote studio tunamwita Mama, na hapa nitamwita hivyo, jina lake halimo kwenye barua hii kwa ombi lake. Alivua miwani, akaweka karatasi mezani.

"Mwanangu, hili jani la mgomba limetoka wapi?"

Nikatazama. Kweli, mdogo mtu kamletea kaka yake jani la mgomba, na bibi analipokea huku akilia. Nikajibu neno la kwanza lililonijia.

"Mama, hapo ni programu iliyoandika."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Aliuliza kwa upole. Fundi mitambo alishusha sauti ya mashine zake, na nikatoka nje kusimama karibu na tangi la maji mpaka nilipoweza kurudi.

Waheshimiwa, naelewa vizuri jinsi kosa lile lilivyotokea, na naomba nanyi mlielewe, kwa sababu mengi ya kanuni mtakazotunga yatategemea kuelewa huku. Programu hizi zimefundishwa kwa maandishi mengi kupita kiasi, na kazi yake ni kukadiria neno gani hufuata neno gani. Kiingereza kimeandikwa sana, Kiswahili kidogo zaidi, na habari za desturi za Wachagga zilizoandikwa kwa Kiswahili ni chache mno. Panapokosekana maandishi, programu aghalabu haisemi sijui, bali huweka kile ambacho huonekana mara nyingi mahali hapo. Kilimanjaro na migomba hutajwa pamoja mara nyingi, kwa hiyo likaja jani la mgomba. Likaja kwa sentensi safi, yenye mpangilio, na yenye machozi mahali pake.

Mtu wa Old Moshi au Marangu angesikia na kushangaa, basi. Ninayemfikiria ni mtoto wa Pasua aliyezaliwa mjini, wazazi wake wa Kibosho, asiyewahi kuona isale likipelekwa. Yeye angeamini. Miaka 20 ijayo, siku atakapomkosea ndugu yake, angekwenda na jani la mgomba, na mzee wa upande wa pili asingejua anaombwa nini. Na anayestahili lawama hapo ni mimi, niliyelelewa kwenye kihamba, ninayelijua isale tangu kabla sijajua kusoma. Mashine ilifanya ilichotengenezwa kufanya, mimi sikufanya changu.

Tulirekebisha. Tukaendelea hadi kipindi cha 10. Hapo ndipo likaja la sauti.

Asubuhi moja Mama alipigiwa simu na mtu wa jumuiya yake kumshukuru kwa tangazo la dawa. Hakujua anazungumzia nini. Mchana jirani mwingine akamchezea kwenye simu. Ilikuwa sauti yake, na ule mkwaruzo wake mdogo kwenye herufi r, na namna yake ya kuvuta pumzi kabla ya kutaja jambo zito. Sauti ilisema kwamba imeteseka na viungo miaka mingi, kwamba dawa fulani ya chupa imemponya, na kwamba hata vidonge vya presha sasa hana haja navyo. Mama hajawahi kutamka maneno hayo. Tangazo lilikuwa limeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na kijana mmoja alikuwa akilipiga kwenye spika ya guta lake, sokoni Mbuyuni.

Msishangae kwamba inawezekana. Mnamo Januari 2023 watafiti wa Microsoft walieleza mfumo unaoweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikia sekunde 3 tu. Mama ana saa nyingi za sauti yake zilizohifadhiwa kwenye kompyuta za watu, kwa kuwa kwa miaka mingi ndiye aliyetangaza chanjo, vyandarua na kliniki za wajawazito. Watu wa huku wanaiamini sauti ile kwa sababu haijawahi kuwadanganya. Yaani kilichoibwa ni imani iliyojengwa na matangazo ya afya, kikatumika kumwambia mgonjwa aache dawa.

Jirani yake mmoja aliacha. Alinunua chupa tatu, akaweka vidonge vyake kabatini, na baada ya wiki chache akaanguka bafuni. Yuko hai, mkono wa kushoto bado mzito.

Nilifuatilia, kwa kuwa mimi nazijua njia za kazi hii na Mama hazijui. Studio iliyomrekodi zamani ilisema kanda walimkabidhi mteja, huo ndio utaratibu. Mteja akasema faili zote ziko kwa wakala wa matangazo. Wakala akasema wao hununua sauti kutoka kwenye programu, kwenye orodha ya sauti, na hawajui orodha hiyo ilijazwaje. Muuza dawa alisema yeye alilipia tangazo tu, hakuchagua sauti. Kijana wa mwisho kabisa, aliyeketi na kuandika yale maneno na kubonyeza, nilimpata. Ni mtoto wa watu, mpole, ana miaka kama 24. Aliniambia: "Dada, mimi sikusema kitu. Ni mashine iliyosema." Aliamini anachosema. Ni jibu lile lile nililompa Mama studio, na ndiyo maana sikuweza kumkaripia.

Siku ya Jumapili, baada ya ibada, Mama alikata isale kwenye mpaka wa kihamba chake akalipeleka kwa jirani aliyeanguka. Nilikuwepo. Nilimwambia njiani, Mama, wewe ndiye uliyekosewa, hili jani ndilo ulilotakiwa kuletewa. Akasema, "Sauti ni yangu. Nani mwingine atakwenda?"

Nimeandika michezo mingi na sijawahi kuandika jambo zito kama lile. Watu watano walipata fedha kutokana na tangazo lile, au walitarajia kupata. Hakuna hata mmoja aliyefika kwenye ile nyumba. Aliyekwenda ni yule ambaye hakulipwa hata shilingi, na hata hakujua.

Hilo ndilo ninalotaka mlishike. Watu huuliza kama mashine ina akili kweli, kama itachukua kazi, kama inaweza kutunga shairi zuri. Ni maswali ya haki, na mengine hata mimi hunikosesha usingizi. Ila mbele ya yote kuna hili: kazi ikitoka, ikimdhuru mtu, nani atakwenda nyumbani kwake? Mashine haiwezi kubeba isale. Haina kaya ya kutokea, haina uso wa kuinamisha. Basi kabla kazi haijatoka lazima ajulikane mtu atakayebeba.

Si fikra niliyoianzisha mimi. Mnamo Novemba 2021 nchi wanachama wa UNESCO, yetu ikiwemo, zilipitisha mapendekezo ya maadili ya akili mnemba, na ndani yake imeandikwa kwamba wajibu wa kimaadili na wa kisheria uweze daima kuelekezwa kwa binadamu au kwa taasisi inayotambulika, na kwamba mfumo wa akili mnemba hauwezi kuchukua nafasi ya wajibu wa mwisho wa mtu. Tuliikubali karatasi hiyo. Haijafika Mbuyuni.

Na sisi wa kaskazini tungepaswa kuwa watu wa mwisho kuambiwa jambo hili kama geni. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoanzishwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mnamo Novemba 1994 na kufungwa Desemba 2015, ilikaa Arusha, katika majengo ya AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa. Nilisoma sekondari Arusha, na daladala yetu ilipita karibu na pale kila siku. Tulikuwa tukiona magari meupe tu. Nikiwa mtu mzima, na nikiishi kwa redio, ndipo nikasoma kilichoamuliwa mle ndani. Mnamo Desemba 2003 watu watatu, wawili wenye mkono katika kuanzisha redio na mmoja mhariri wa gazeti, walitiwa hatiani kwa kazi ya vyombo vyao katika kuchochea mauaji ya kimbari ya Rwanda, na mnamo 2007 rufaa ilipunguza adhabu zao lakini haikuwaachia. Kuna kesi nyingine ambayo watunzi wote tungepaswa kuijua, ya mwanamuziki Simon Bikindi, aliyehukumiwa Desemba 2008 kifungo cha miaka 15.

Wengi hudhani alifungwa kwa nyimbo zake. Sivyo. Majaji waliona kwamba baadhi ya nyimbo zilitumika katika propaganda ya chuki, lakini hawakuridhika pasipo shaka kwamba alizitunga kwa nia ya kuchochea mauaji, wala kwamba ndiye aliyezirusha hewani mwaka ule wa 1994. Kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti cha kwenye gari, katika barabara ya kati ya Kivumu na Kayove, mwishoni mwa Juni 1994.

Silinganishi tangazo la dawa na mauaji ya kimbari, Mungu anisamehe kama kuna atakayenielewa hivyo. Ninachokitazama ni ile kazi ya majaji. Waliweza kutenganisha wimbo na wito, alichotunga na alichotamka, kwa sababu kulikuwa na kinywa. Kulikuwa na mtu, gari, barabara, wiki. Haki kwa mshitakiwa na haki kwa waliodhurika zote mbili zilitegemea kumjua aliyesema. Sasa jengeni picha ya kesi hiyo hiyo ambamo wimbo umetungwa na programu, umeimbwa na sauti iliyoigwa, na umesambazwa na akaunti isiyo na mwenyewe. Majaji wangeanzia wapi? Msiposema leo kwamba kila kazi iwe na mwenyewe, mnawaandalia majaji wa kesho meza tupu.

Kuna jambo moja naona husahauliwa na wanaozungumzia maadili ya teknolojia hii. Wajibu una tabia ya kuteremka mlima kama maji, hutafuta pa chini. Yule kijana wa miaka 24 ndiye aliyebaki mikononi mwangu kwa sababu ndiye wa bei rahisi kuliko wote. Mnamo Januari 2023 gazeti la Time liliandika habari za vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya unyama usiotamkika, wayawekee alama, ili programu mashuhuri ya mazungumzo ijifunze kutoyatoa. Usafi tunaousifia kwenye programu hizo umepitia kwenye vichwa vya watoto wa Afrika Mashariki, na majina yao hayapo popote kwenye kazi. Mtunzi anayepewa wiki mbili kwa vipindi 13 naye yuko kwenye mteremko huo huo. Aliyepanga wiki mbili aliamua, siku aliyopanga, kwamba kipindi cha 7 hakitasomwa. Kosa langu nalikiri, nimekwishalikiri. Lakini aliyenunua uchovu wangu kwa nusu bei naye ana jani lake la kubeba, na mkataba wangu haukumtaja kabisa.

Watunzi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma siku 148 mwaka 2023, na miongoni mwa waliyoyapata ni kwamba mashine haihesabiwi kuwa mtunzi na kwamba mwajiri hawezi kumlazimisha mtunzi aitumie. Wao wana chama chenye meno. Sisi watunzi wa redio wa huku tunajuana kwa simu.

Kwa hiyo nawaomba, nanyi ndio wenye uwezo.

Redio isirushe tangazo, mchezo wala wimbo uliotengenezwa kwa akili mnemba bila karatasi yenye jina la mtu mzima aliyesoma au kusikiliza kazi yote na kukubali kuulizwa juu yake. Jina la mtu, nasisitiza, si muhuri wa kampuni. Gunia la kahawa linalopelekwa kukobolewa hapa Moshi hujulikana limetoka chama gani cha msingi, na likiwa na kasoro kuna watu wa kuulizwa. Maneno yanayoingia masikioni mwa wagonjwa hayana hata alama hiyo. Na msikilizaji aambiwe mwanzoni, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwamba sauti hii imetengenezwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya juu ya akili mnemba, iliyoanza kuwa sheria Agosti 2024, inadai watu wajulishwe wanapokutana na sauti au picha za namna hiyo. Msikilizaji wa Kirua hana thamani ndogo kuliko wa Ubelgiji.

Juu ya sauti naomba sana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Toeni mwongozo usemao bila kuzunguka kwamba sauti ya mtu ni yake, kwamba aliyerekodi tangazo la chanjo ameuza tangazo la chanjo na hakuuza koo lake, na kwamba kuifundishia mashine kunataka ruhusa nyingine, kwa maandishi, yenye kikomo, anayoweza kuiondoa. Fikirieni na waliokufa. Kuna watangazaji waliolala kaburini ambao sauti zao bado ziko kwenye kanda, na wajukuu zao hawajui kwamba kuna anayeweza kuwafanya waseme chochote.

Juu ya desturi, tayari mna pa kushika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu nzima inayolinda sanaa za jadi, ngano, nyimbo na ngoma, na imelipa Baraza la Sanaa la Taifa jukumu la kuzisimamia. Iliandikwa wakati ambapo hofu ilikuwa ni kanda za kaseti. Ifungueni upya, mjiulize inasema nini juu ya ngano za Wameru na nyimbo za Wamaasai zinazochotwa kwa wingi kulisha mashine. Mkifanya hivyo msiishie kwenye kumbi za hoteli za Arusha pamoja na wataalamu. Pandeni hadi Poli na Monduli. Muulizeni mzee anachokubali kisemwe hadharani na anachotaka kibaki kwenye ukoo, kwa maana si kila kilicho kizuri kusikika kiliwekwa kwa ajili ya kila sikio.

Na hapa lazima niseme ninachokiogopa kwenu. Naogopa mtakapoisoma barua hii mtaanzisha kibali. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilikuja na leseni na ada, na tuliona waandishi wa mitandaoni wakifunga kurasa zao kwa kushindwa kulipia. Sitaki hilo. Kibali kinauliza kama umeruhusiwa kusema, mimi nataka ijulikane nani amesema. Mtu aandike hata kitu kinachowaudhi ninyi wenyewe, almuradi ameweka jina lake na yuko tayari kujibu. Mkichanganya mambo haya mawili mtakuwa mmetumia majonzi ya Mama kufungia watu midomo, na yeye hatawasamehe, wala mimi.

Sitaki pia mpige marufuku. Naifahamu faida. Programu hizi hunisaidia kuandika mazungumzo niliyorekodi vijijini, kazi iliyokuwa ikinila siku tatu sasa huisha jioni moja. Namfahamu kijana asiyeona hapa mjini anayesomewa vitabu na sauti ya mashine, na amefaulu mitihani yake. Nawafahamu vijana wa Arusha wanaojaribu kuzifundisha programu Kiswahili chetu, Kiswahili cha stendi na cha shambani, na nawaheshimu. Kwao nina neno moja tu. Mnapokaa kuchagua maandishi na sauti za kuifundisha mashine, hapo mnatunga, hata kama kazi hiyo mnaiita jina jingine. Mnachagua mashine itamjua nani na itamsahau nani. Nendeni mkawasikie watu ambao mashine itawasemea. Wapeni chai, walipeni, andikeni majina yao.

Wakurugenzi wa redio, ninyi nawageukia mwisho kwa sababu tunafahamiana. Najua matangazo ndiyo yanayolipa umeme na mishahara. Najua tangazo likija limekamilika, lina sauti nzuri na fedha yake, hakuna anayeuliza sauti ni ya nani. Naomba tuanze kuuliza, hata kabla waheshimiwa hawajatunga kanuni yoyote. Ni swali la dakika moja. Neno likishatoka hewani halizoleki, mnajua hilo kuliko mimi.

Mchezo wetu wa vihamba umesimama kwenye kipindi cha 10. Mama alikataa kurudi studio baada ya lile tangazo, na simlaumu. Mwezi uliopita aliyenipa kazi alinipigia kuniambia nisihangaike kumbembeleza: sauti yake iliyorekodiwa inatosha kabisa kutengeneza vipindi 3 vilivyobaki, kompyuta itamalizia, na msikilizaji hatatambua. Alisema kwa nia njema, alidhani ananitua mzigo. Nilikataa, na miswada ya vipindi hivyo iko kwangu, nimeiandika upya kwa mkono wangu, isale likiwa mahali pake.

Nilipanda Old Moshi kumweleza Mama. Aliendelea kuchambua mboga hadi nilipomaliza. Akasema yuko tayari kurudi, amalizie kazi aliyoianza, siku nitakapomletea karatasi iliyoandikwa jina la mtu atakayekwenda kwa watu endapo sauti yake itasema tena asichokisema. Aliniuliza kama karatasi ya namna hiyo ipo.

Nikamwambia nitawauliza.

Wenu katika kazi,

Mtunzi wa michezo ya redio,
Soweto, Moshi